Konde Lisilolipwa na Mbuzi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoingia kliniki hapa Likoni nikiwa na hakika kwamba duniani halijabaki la kunishangaza. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nilianza na mkokoteni wa maji mtaani Shika Adabu, na siku hiyo nilikuwa na malori matatu ya mawe. Nani angeniambia kitu?

Nilimpeleka binti yangu Mbeyu, mja mzito wa mimba ya kwanza. Presha yake ilikataa kushuka, na mlango ukibamizwa, yeye huruka kama aliyepigwa. Daktari, msichana wa juzi tu, akamgeukia mke wangu Kadzo.

"Mama, ulipokuwa na mimba ya huyu, nyumbani kulikuwa na amani?"

"Muulize huyo hapo."

Nikacheka. "Daktari, hayo yaliisha. Nilimpiga, akakimbilia kwao Rabai. Nikamfuata na mbuzi wa faini na doti ya leso. Wazee wakala, yakaisha."

"Mbuzi aliliwa na wazee, baba. Mwili wa mkeo ulikula nini?"

Akaeleza kwamba hofu humkaa mwanamke mwilini: presha, sukari, usingizi kupaa. Tena huenda ikaacha alama kwa aliye tumboni. Urithi wenyewe haubadiliki, alisema, ila namna mwili unavyousoma. Lakini presha ina sababu nyingi, na hilo la alama bado linachunguzwa.

Nikapotea kabisa. Konde nililipiga bega la Kadzo. Lilifikaje kwa Mbeyu aliyekuwa tumboni, ambaye hata bega hakuwa nalo? Mpaka leo naligeuza, sioni mwanzo wala mwisho.

Kadzo hakunionea huruma. "Kumbe ulidhani nilinyamaza kwa kuwa nimepona?"

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa njiani. Mbeyu alilazwa wiki tatu, akapasuliwa kabla ya miezi kutimia. Akapata binti, mdogo kama mkate wa mofa, lakini analia. Wote wazima, alhamdulillahi.

Mwanangu, usiinue mkono kwa mke ukitegemea faini. Wazee husamehe kwa niaba ya watu. Mwili hauna wakili. Na kama umeshauinua, usiseme yaliisha. Muulize mwenyewe, unyamaze, usikilize, kisha umpeleke akapimwe. Mungu akupe nyumba ambayo mkeo akisikia viatu vyako uani, haachi kuimba.

Mimi niliuza lori moja. Hospitali ilichukua shilingi laki tatu, elfu arobaini na mbili, mia sita na hamsini.