Mke Wangu Aliniambia Haikai, Nikamwita Mwongo

Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Si la shetani, si la pombe, hata sikuwa nimeonja. Nisikilize tu kwanza. Ukitaka kunitukana mwishoni, sawa, nimeshazoea.

Naishi Kaloleni, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji. Nafanya kazi Industrial Area, kiwanda cha vikombe vya plastiki, vile vya maziwa lala. Shiti, yaani bapa la plastiki, inapashwa moto mpaka inalegea, mashine inaivuta juu ya moldi, kile kielelezo cha chuma kinachoipa umbo, inapoa, inakatwa. Nimekaa kwa hiyo mashine miaka mingi, na ujuzi ukanitia kiburi.

Mke wangu tumwite Mama Tasha. Mrembo bana, sitaki kudanganya. Lakini meno ya mbele yalikuwa yamepandana, na akicheka mbele za watu alikuwa anaziba mdomo. Tukiwa wawili ndani ya nyumba hazibi. Hicho kicheko kilikuwa changu! Sasa akapata kazi ya mapokezi kwenye ofisi fulani mjini, akaniambia anataka kunyoosha meno. Mdomoni nikasema sawa. Moyoni nikauliza, anamnyooshea nani?

Hakuwekewa vyuma. Alipewa zile za plastiki zisizoonekana, wenyewe wanaziita trei. Kliniki aliyoenda wanajitengenezea huko huko nyuma. Wanapiga picha ya meno, mashine inatoa mfano wake, halafu plastiki inavutwa juu ya ule mfano kama vikombe vyetu. Unavaa trei moja kwa muda, inasukuma meno kidogo, unapewa nyingine.

Na huko kuna fundi. Ee Mungu wangu, huyo fundi! Kila jioni ni fundi.

"Fundi amesema nisinywe chai moto nikiwa nazo."

"Fundi amesema nisizitoe ovyo ovyo."

"Na mimi je, nimesema nini wiki hii?" nikamuuliza. Akacheka, akadhani natania.

Trei za kwanza zilikaa vizuri. Halafu ikaja moja ikakataa. "Haikai, Baba Tasha. Huku nyuma imeshika, hapa mbele imeinuka. Lazima nirudi kwa fundi." Akarudi. Akatengenezewa nyingine. Hiyo pia haikai. Jumamosi tena huyo, amejipaka mafuta, amevaa ile blauzi ya kijani, anarudi kwa fundi.

Wueh! Nikasukuma sahani ya ugali pembeni. Nikajiuliza, plastiki ikivutwa juu ya moldi si lazima ichukue umbo la moldi? Na kama moldi ni meno yako, itakosaje kukaa kwenye meno yako? Angenidanganya kuhusu saluni, kuhusu chama, kuhusu mazishi ya mtu nisiyemjua, ningemeza. Lakini plastiki? Mimi?

Jumamosi moja nikaomba ruhusa kazini, nikasema tumbo linaniuma. Nikamfuata mke wangu kutoka stendi ya Muthurwa, nimejificha nyuma ya muuza avokado, mtu mzima na ndevu zangu.

"Buda, unanunua ama unachungulia?" yule mama akaniuliza.

Nikanunua. Nikamfuata na avokado mkononi mpaka nje ya kliniki. Kijana mmoja wa koti jeupe akamfungulia mlango, wakacheka kidogo, akamwambia kitu, na Mama Tasha akafungua mdomo wake wote hapo hapo mlangoni, huyo kijana akachungulia ndani. Aki! Sikuona mgonjwa na fundi. Niliona mke wangu na mwanaume mwenye meno mazuri.

Jioni aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kama hakimu.

"Imekaa?"

"Bado. Hata hii mpya. Wamesema niende nayo hivyo hivyo, wataitengeneza tena."

"Lete hapa."

"Baba Tasha, taratibu..."

"Mimi hutengeneza hizi vitu kila siku! Hakuna plastiki isiyokaa kwa moldi yake. Fungua mdomo!"

Nikamshika taya. Nikaichomeka ile trei mwenyewe, nikaisukuma kwa kidole gumba. Nyuma ikaingia. Mbele ikagoma. Nikasukuma kwa nguvu, ikagoma, nikasukuma tena, ikapasuka na ncha yake ikazama kwenye ufizi. Damu ikamwagika mpaka kwenye blauzi.

Alitoa vile vipande mdomoni, akaviweka juu ya meza, akaniangalia.

"Umeona? Haikai."

Na kweli haikuwa inakaa! Niliisikia inagoma chini ya kidole changu mwenyewe. Alikuwa ameniambia ukweli kila Jumamosi, na mimi nilikuwa nasikia mapenzi yake na fundi. Usiku huo huo alimbeba Tasha, akaenda kwa dada yake anayeishi mtaa wa Umoja.

Jumatatu nikaenda kliniki na vile vipande mfukoni. Sikujua kama naenda kumpiga yule kijana au kumpigia magoti. Nilipojitambulisha, kabla sijasema jingine, yeye ndiye aliomba msamaha.

"Pole sana, mzee. Tumemsumbua sana Mama Tasha."

Akanieleza. Mashine mpya inayotoa mifano ya meno ilikuwa haiikaushi sawasawa. Mfano unatoka ukionekana mzima, lakini unaendelea kusinyaa taratibu. Ukilinganisha jino kwa jino huoni kitu. Ukivuta plastiki juu yake, ile tofauti ndogo ya kila jino inajumlishana, na trei inakuwa finyu kwa safu nzima ya meno. Wateja wengine pia walikuwa wanarudi. Pale kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja wa kanisa, ameshika trei yake kwenye leso, amerudi mara nyingi kuliko mke wangu. Sasa huyo naye alikuwa anamfuata fundi kwa mapenzi?

Nikaketi kwenye benchi. Maana mwezi huo huo kwetu kiwandani tulitupa magunia ya vifuniko. Bosi alikuwa na haraka, vikatolewa kwenye moldi kabla havijapoa, vikasinyaa, vikakataa vikombe vyao. Mimi ndiye niliyebeba magunia! Nilijua kabisa kwamba plastiki hukosa kukaa. Wivu ulinisahaulisha kazi inayonilisha.

"Na hii imepasukaje?" kijana akauliza.

"Ilianguka," nikasema.

Katika habari hii yote mwongo ni mmoja tu, na ndiye anayekuandikia.

Mashine iliporekebishwa, nikaomba niipeleke trei mpya mwenyewe. Mama Tasha akaja mpaka getini kwa dada yake. Akaipokea, akageuka pembeni, akaivaa. Ikalia tak.

"Imekaa," akasema.

Mjinga mimi, nikatabasamu. "Basi chukua mtoto twende nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini? Ulitaka nitoke damu ndio uniamini. Kesho nikichelewa kazini, utataka nitoke nini?"

Akafunga geti polepole, kama mtu anayefunga asimwamshe mtoto. Wazee wamekwenda kumsihi, mchungaji amekwenda, jibu lake ni moja, kwamba hawezi kulala karibu na mkono anaouogopa. Watu husema majuto ni mjukuu. Basi huyo mjukuu ndiye ninayeishi naye sasa, mimi na yeye.

Ndugu yangu, labda wewe pia una kitu unachokijua kuliko mkeo, na unakitumia kumpima kama anasema ukweli. Acha! Wivu haujui kazi yako, haujui plastiki, haujui chochote. Akikuambia haikai, mwambie pole, msindikize kwa fundi, ukae kwenye benchi na wale wateja wengine. Usingoje kuhakikisha kwa kidole chako, kama mimi niliyehakikisha na sasa napika peke yangu.