Milka Kitandani, Mvua Nje

Mvua ya kwanza ya mwaka 1986 ilimkuta Milka Anyango amelala chali katika wodi ya wanawake mjini Kisumu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kamba, na mwishoni mwa kamba ulining'inia mfuko wa mchanga. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Tangu mumewe afariki alikuwa akilima mwenyewe shamba la mtama karibu na Maseno, na majirani hawakumbuki kumwona ameketi mchana.

Aliteleza kwenye mawe ya kisimani, ndoo ikiwa kichwani. Siku nne alilala nyumbani akikandwa mafuta na mzee wa kuunga mifupa, hadi mwanawe Ogola, fundi wa baiskeli pale Otonglo, alipomleta kwa pikapu ya jirani. Daktari alisema mfupa wa nyonga umevunjika, na chuma cha kuungia hakipo. Mguu ungevutwa kwa kamba wiki kumi, naye asishuke kitandani.

"Wiki kumi," Milka alisema. "Na mbegu zitajipanda?"

Kwenye kitanda cha pili alilala Elsie, mwalimu mstaafu wa Milimani, aliyeanguka bafuni. Watoto wake walinunua chuma Nairobi, akapasuliwa siku ya tatu. Yeye aliruhusiwa kutembea, ila aliogopa. Kila asubuhi muuguzi, Sista Nelima, alimsogezea fremu ya kushikilia, na kila asubuhi Elsie alijifunika shuka hadi usoni.

"Nikianguka tena je?"

"Mwalimu, nipe mimi hiyo ruhusa yako," Milka alimwambia. Usiku alihesabu mabati ya dari. Mchana aliuliza saa mara kumi.

Jumapili ya tatu Ogola alikuja.

"Mmepanda?"

"Tumepanda, mama."

"Nyathina, mwanangu, nionyeshe mikono." Aliitazama. "Kucha zako zina grisi tu. Udongo uko wapi?"

Ogola akainamisha kichwa. Mkewe, Lornah, alikuwa amejifungua juzi. Wangepanda wiki ijayo, alisema.

Jumanne, wauguzi wakiwa kwenye chai, mvua ikapiga paa kwa nguvu. Milka alijivuta, akaifikia kamba, akahangaika na fundo hadi likafunguka. Mfuko wa mchanga ukadondoka. Aliteremsha mguu mmoja, kisha wa pili, na maumivu yakamwangusha sakafuni. Hakupiga kelele.

Elsie ndiye aliyeita, lakini kwa ile mvua hakuna aliyesikia. Akaita tena. Kisha akaivuta fremu, akasimama, akaenda hatua kwa hatua hadi mlangoni.

"Sista, njoo. Mama Ogola ameanguka."

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umehama. Wiki zikaanza kuhesabiwa upya kutoka moja. Milka hakulia siku hiyo. Alilia Elsie alipokuwa akiondoka kwenda nyumbani.

"Ulinitoa kitandani, Mama Ogola," Elsie alimwambia, amesimama na fremu yake.

"Na mimi nikabaki."

Milka alitoka hospitalini mwishoni mwa Juni. Mguu wa kulia ulikuwa umefupika kwa upana wa vidole viwili, fundi viatu akamwongezea soli. Shambani mtama wa Lornah ulikuwa mfupi, mapengo huku na huku, magugu yameupita.  Milka alitandika gunia, akaketi juu yake na jembe dogo, akaanza kupalilia, akijisogeza kidogo kidogo kwa makalio.

"Mama, pumzika," Lornah alimsihi, mtoto mgongoni.

"Nimepumzika ya kutosha."

Jioni Ogola alipokuja kumnyanyua, mistari mitatu ilikuwa imekwisha. Alimshika mama yake kwapani, akamwinua pole pole. Milka alikuwa akiutazama mstari wa nne.