Udongo Mweusi wa Kibanja cha Mama

Shuleni tulisoma habari za mawakili wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, waliosafiri kwa farasi kutoka mahakama hadi mahakama na hatimaye wakaingia katika siasa. Wa kwetu alikuwa na baiskeli. Alijisomea sheria akiwa karani, akawa wakili mjini Bukoba, na katika miaka ya ujamaa alikuwa akitafuta kuteuliwa na chama agombee ubunge.

Nilikuwa mwalimu kijana alipoichukua kesi ya mama yangu, mjane, huko Ijumbi. Jirani yetu, kiongozi wa tawi la chama, alidai kwamba nusu ya chini ya kibanja chetu cha migomba ilikuwa rweya, yaani nyika isiyo na mwenyewe, na kwamba ingefaa iwe shamba la ujamaa. Alikuwa ameng'oa milamula, mimea tunayoipanda mipakani, akaihamishia juu karibu na kaburi la baba. Mahakama ya mwanzo ilimwamini. Tulikata rufaa wilayani.

Wakili aliupenda ujamaa kwa dhati, na watu wa tawi lile walikuwa na sauti katika uteuzi. Hata hivyo alimhoji shahidi wao mkuu mbele ya hakimu.

"Mzee, uliiona rweya hiyo?"

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu hao wangekuja wenyewe, Mzee, wewe ungebaki nyumbani ukapumzika."

Kisha akamwomba hakimu twende tukaangalie. Pale kibanjani aliomba jembe, akavua koti na kuchimba ng'ambo ya mpaka wa zamani. Ulitoka udongo wa kijivu wenye changarawe, kama ulivyo wa rweya yote. Akachimba katika sehemu iliyogombewa. Ulitoka udongo mweusi, laini, hadi mpini ulipoanza kuzama. Jirani alikuwa amehamisha mimea, udongo hakuufikiria.

"Rweya hii ililishwa samadi na nani?" wakili aliuliza.

Mama ndiye aliyejibu, kwa neno letu la heshima: "Ni mimi, waitu. Na kabla yangu, mama mkwe."

Hakimu aliinama, akaufikicha udongo ule kwa vidole. Hukumu ilipotoka, kibanja kilirudi kwetu chote.

Wakili hakuteuliwa. Wapo wanaosema aliangushwa kwa sababu yetu. Mimi sikuwamo katika kikao cha uteuzi, kwa hiyo siandiki hivyo. Naandika nilichokiona: baada ya uteuzi alikuja Ijumbi kwa baiskeli ile ile, na mama akampa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama apewavyo mgeni wa heshima.

"Mwanangu, wamekunyima kiti," mama alisema.

"Mama, kiti ninacho, nimekikalia. Nimekuja kuona kama umetandaza nyasi kule chini udongo ubaki mweusi, maana siwezi kuja kuchimba kila mwaka."

Mama alicheka. Tangu baba afariki nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo.

Sasa mama naye amelala kando ya baba, karibu na ardhi ambayo bila wakili yule isingekuwa yetu. Kila msimu natandaza nyasi kule chini kwa mikono yangu, ingawa nimezeeka na magongo yananichelewesha, na kila nifikapo kwenye mpaka wa zamani namshukuru mtu yule kwa jina lake.