Mpunga wa Uchagani

Kila ninaponusa makumbi ya nazi yanayoungua, macho yangu huenda juu yenyewe kutafuta uchaga. Jikoni kwa bibi yangu, Bi Raya, pale Pujini, uchaga ulikuwa juu ya meko, fito zimefungwa kwa kamba, na juu ya fito lilikaa kanda la ukili lililokuwa jeusi kwa masizi. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya mpunga. Moshi ulilipitia asubuhi na jioni ili fukusi, wadudu watoboao nafaka, wasiingie, na kwa hiyo mpunga ule ulikuwa na harufu yake peke yake, ya moshi na majani makavu, ambayo mpaka leo naiona tamu kuliko udi. Mimi na dada yangu Mize tulilelewa na Bibi baada ya mama yetu kufariki. Nyumba ile ilikuwa yetu, tukigusa kila kitu, hata kijaluba chake cha tambuu tulikifungua akicheka, lakini kanda lile hapana. "Mkono wa mtu usifike pale mpaka mvua inyeshe," alikuwa akisema, na akisema hivyo hata paka alikuwa akishuka.

Watu wa leo hawaniamini nikiwaambia kwamba Pemba yetu, kisiwa cha mabonde na maji, ilikuwa ikila mchele wa mbali. Ndivyo ilivyokuwa. Karafuu ndiyo iliyokuwa ikisemwa na kusikilizwa. Serikali ya wakati ule iliitaka karafuu, matajiri waliitaka karafuu, na sisi tuliojua kuichuma tulikwenda na hao wakubwa. Mchele ulikuja kwa meli kutoka Burma, ukashuka Mkoani, ukapelekwa katika maduka ya Wahindi, nasi tukanunua. Wanawake wachache wakaidi kama Bibi waliendelea kulima mabondeni, wakachekwa kwamba wanapenda tope. Kisha vikaja vita vya Wazungu, Mjapani akaingia Burma, na meli zikakatika. Baba yetu, aliyekuwa mchukuzi Mkoani, alikuwa akirudi kila Alhamisi jioni na habari ileile: bandari nyeupe, hakuna kitu. Madukani tukapewa kwa zamu unga wa mahindi ya manjano, unga ambao kuku wetu waliupenda kuliko sisi.

Hapo ndipo serikali ilipokumbuka kwamba tuna ardhi. Akaja Bwana Shamba, kijana wa Unguja aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi, amefuatana na sheha wetu, Mzee Kombo, na watu wakaitwa uwanjani. Kila nyumba ilime matuta ya muhogo, akasema, kila bonde lipandwe mpunga, na ole wake atakayekula mbegu. Bibi akainua mkono. "Mwanangu," alisema, "miaka yote mwatwambia karafuu, karafuu. Leo twambiwa muhogo. Hiyo karafuu tuipike kwa tui?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Bwana Shamba, Mungu ampe pepo, akacheka pia. Akagawa vipande vya miti ya muhogo vya kupanda. Mtu mmoja alipomuuliza mbegu ya mpunga itapatikana wapi, alijikuna kisogo akasema inangojwa, itakuja kwa meli. Bibi alinitazama, akatazama njia ya kwetu, na mimi nikajua kwamba moyo wake umekwenda jikoni, juu ya meko.

Sasa nieleze balaa letu. Dada Mize alikuwa ameposwa na Faki, kijana wa Ole, na harusi ilikuwa imepangwa kabla ya masika, watu hawajaingia mabondeni. Mize alimpenda Faki. Hakusema, lakini tulikuwa tukilala kitanda kimoja na mimi nilikuwa nikimsikia akilitaja jina lake usingizini, nikamtania mpaka akanifinya. Na harusi kwetu ni wali. Siku hiyo upande wa mke huwapakulia wageni masinia, na upande wa mume nao huleta sinia lao kwa wanawake wa upande wa mke, na kila upande hupimwa kwa kile kilichomo. Bi Time, mama yake Faki, akatuma mtu kutoka Ole na maneno mafupi: mwanawe haoi kwa muhogo, kama mchele hatuna tuseme, maana wasichana wapo hata Ole. Mize aliacha kula. Nilimwona anachambua mboga na machozi yanaingia mlemle ndani ya ungo, na kwa mara ya kwanza nikaichukia meli ambayo sikuwahi kuiona.

Majirani walimshauri Bibi apike lile kanda. Harusi mara moja, walisema, mbegu itakuja na serikali. Bibi alitafuna tambuu yake kutwa nzima. Kesho yake akapanda juu ya kigoda, akalishusha kanda, akalifungua. Nilishituka, maana ulikuwa mkono wa mtu uliofika pale kabla ya mvua. Akachota mpunga mabakuli machache, akafunga, akalirudisha. "Huu wa Mize," akasema. "Uliobaki wa bonde. Na weye Saumu, kalete makopa." Makopa ni muhogo uliomenywa na kuanikwa juani mpaka ukawa mgumu kama mifupa. Tuliyatia kinuni, tukatwanga kwa kudonoa tu yasiwe unga, tukapepeta unga ukaanguka, zikabaki chenga nyeupe ukubwa wa punje za mchele. Bibi akazipika kwa tui zito na iliki kidogo, akanipa nionje. Wali haukuwa, lakini ulikuwa mtamu, nami nikaomba tena.

Hila yake ilitegemea adabu. Sote chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kwamba katikati ya sinia ndiko baraka hushukia, na mtu hula mbele yake, pembezoni, wala hapeleki mkono kati. Basi Bibi akazirundika chenga za muhogo katikati ya kila sinia, akauzungusha wali pembeni, na juu akatandaza wali mwembamba kama shuka. Ukitazama, ulikuwa mlima mmoja mweupe, unafuka moshi. "Watu wa Ole wana adabu," alisema huku anafunika sinia kwa kawa. "Nazitegemea adabu zao."

Siku ya harusi walikuja na vigelegele tokea mbali, wanawake wamebeba sinia lao kichwani kwa zamu. Ndoa ikafungwa barazani. Wanaume wakapakuliwa nje na wanawake wakakaa ndani, chumba kimoja, majamvi mawili: sinia letu mbele ya Bi Time na wenzake, sinia la Ole mbele yetu. Bi Time alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, macho hayapepesi. Mize alikuwa ndani ya pazia amejifunika. Tukaambiana karibuni, bismillahi. Nikamega tonge langu pembeni mwa sinia la Ole. Wali! Wali wenyewe, na mimi nikasahau balaa lote nikala kwa raha. Lakini Bibi alikuwa akila polepole, na jicho lake likawa halitoki kwa Bi Time. Baadaye alinieleza kilichomtia shaka: mwenye sinia huwahimiza wageni wale, wasogee, wamalize, na siku ile Bi Time, kama yeye Bibi, alikuwa akihimiza kwa sauti ndogo sana.

Pembezoni pakaisha. Bibi akajifanya anasawazisha wali, kidole chake kikapenya kati, akakipeleka mdomoni. Uso wake ukasimama. Nami nikachungulia pale alipotoboa, nikaona chenga zetu, chenga zilezile, ila za Ole zilikuwa nene zaidi. Nikageuka. Upande wa pili, vidole vya Bi Time vilikuwa vimezama katikati ya sinia letu, na macho yake yanamtazama Bibi. Neno moja la kiburi, kutoka kwa yeyote kati ya wale wanawake wawili, na dada yangu angebaki ndani ya pazia lile.

"Tui lenu limekolea, Bi Raya," akasema Bi Time taratibu. "Hasa hapa katikati."

"Na lenu, Bi Time," akajibu Bibi. "Katikati ndiko kwenye baraka."

Bi Time ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka, Bibi akamfuata, kisha chumba kizima, na nyuma ya pazia nikamsikia Mize akicheka na kulia pamoja. "Mbegu?" aliuliza Bi Time alipopata pumzi. "Uchagani," akasema Bibi. "Yangu nayo," akasema Bi Time, na wakashikana mikono yenye wali. Wanaume nje walikuwa wamekula mpaka kati bila kushtuka. Baba alituambia kwamba watu wa Ole walidhani ndiyo pishi ya Pujini, na wakaomba waongezwe.

Mvua iliponyesha, mbegu ya serikali ilikuwa haijafika. Bibi na Bi Time wakagawana mbegu zao, kisha wakawapa majirani waliokuwa wamekula za kwao. Msimu ule nilishinda bondeni na wenzangu tukiamia ndege, tunapiga madebe na kupiga kelele mpaka sauti zikatukauka, na sijapata kufurahi kazini kama nilivyofurahi pale. Tulipovuna, Bwana Shamba alikuja akasimama ukingoni, akavua kofia. Bibi akampa bakuli la wali na akamwambia aisalimie meli.

Sasa nimezeeka, na meli zinakuja. Juzi tulimwoza kitukuu wa Mize pale Chake Chake, wali umetoka ng'ambo kwenye magunia yenye maandishi nisiyoyajua, na mwingi ukaishia jaani. Nafurahi kwamba watoto wanashiba, siwezi kusema uongo. Lakini niliomba sinia moja lipikwe kama lile la Bibi, muhogo katikati, na vijana wakaanza na katikati, adabu zao zimekwenda, wakaumaliza wakaacha wali pembeni. Nilicheka sana. Kisha nikamfikiria Bibi akiingia katika nyumba zetu za leo: asingeuliza habari za sinia, angetazama juu ya jiko, angeuliza mbegu iko wapi. Niliporudi nyumbani nilitafuta mpunga kwa wakulima wa bonde letu, nikausukia kanda, nikalitundika jikoni juu ya jiko la gesi, pasipo na moshi. Wajukuu huniuliza pambo gani lile. Nawaambia si pambo, na mkono wa mtu usifike pale mpaka mvua inyeshe.