Siku Shangazi Aliponiambia Baba Ametutangulia

Shangazi alinipigia simu asubuhi nikiwa kazini Uyole, Mbeya, kwenye maabara ya mbegu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mwanangu, baba yako ametutangulia."

Nilijua baba anaumwa. Jana yake shangazi huyo huyo alikuwa amenieleza kwamba wangemtoa nyumbani Ilula wampeleke hospitali, Iringa mjini. Kwa hiyo niliyachukua maneno kama yalivyokuja: baba ameshaondoka kwenda Iringa, wao wako nyuma wanafunga mizigo. Mgonjwa asiyeweza kusimama anatanguliaje?

"Ametangulia na nani?" niliuliza.

Nilimsikia anahema. "Na Mungu, mwanangu. Jitahidi uje."

Kwetu anayesafiri huambiwa aende na Mungu, basi sikuona ajabu. Nikasema, "Sawa, nakuja," naye akakata simu. Lakini moyo haukutulia. Kulikuwa na kitu katika ile sauti, na mimi sauti za watu sijawahi kuziweza. Nasikia kwamba kuna kitu ndani yake, ila sijui ni nini.

Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Darasa la pili nilikuwa nasoma kitabu kwa sauti wakati mwalimu anaandika ubaoni. Akageuka akaniambia, "Haya, endelea! Endelea tu, nikuone." Nikaendelea. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikachapwa fimbo huku nikilia kwamba nimefanya alichoniambia. Mama jirani alisema "karibu tule", nikavua viatu nikanawa mikono, kumbe chakula chenyewe kilikuwa cha kuwatosha wanawe tu. Mtu akisema "nakuja" huku anaondoka, nilimsubiri pale pale mpaka jua linazama.

Aliyenisaidia ni baba. Alikuwa mkulima wa nyanya, mtu wa maneno machache, na alichosema ndicho alichomaanisha. Tukiwa kwa watu aliniinamia sikioni na kunong'ona, "Hapo anakutania," au, "Huyo amekasirika, tuage." Nilipopata kazi Mbeya niliendelea kumuuliza kwa simu. Bosi ameniambia "umewahi sana leo", na mimi nimechelewa, ana maana gani? Baba alicheka kidogo, kisha akanieleza polepole, bila kuchoka.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipanga kumuuliza baba, kama kawaida. Nilipita chumbani kwangu, nikamkorogea uji wa ulezi, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikapanda basi la Iringa. Tulipofika Igawa nilimpigia baba nimuulize shangazi alikuwa na maana gani. Simu iliita mpaka ikakata yenyewe. Makambako nikapiga tena. Mafinga nikapiga tena. Nilijiambia yuko kwa daktari. Nilikuwa nimejikunyata kitini mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama nasikia baridi. Nikamjibu kwamba ndiyo, nasikia, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

Hospitalini nilizunguka wodi za wanaume nikiangalia sura kitanda kwa kitanda. Baba hakuwepo. Nikamwendea muuguzi mezani kwake, mama wa makamo, nikamtajia jina la mgonjwa wangu. Akatafuta, akatikisa kichwa.

"Ameletwa leo," nilisema. "Ametangulia, ndugu zake wanakuja nyuma."

Muuguzi akainua uso. "Nani amekwambia ametangulia?"

"Shangazi yangu."

"Alisemaje, dada? Niambie maneno yake kama alivyoyasema."

Nikamwambia yote, pamoja na lile la Mungu. Akazunguka meza, akanikalisha kwenye benchi, akaomba simu yangu ampigie shangazi. Alisogea dirishani kuongea. Niliitazama midomo yake nikijaribu kusoma, sikuambulia kitu. Aliporudi hakukaa mbali nami.

"Baba yako amefariki," alisema. "Amekufa alfajiri, nyumbani, kabla hawajamtoa. Hayupo hapa. Hicho ndicho shangazi yako alichokuwa anakwambia."

Nikamuuliza, "Amekufa kweli?"

"Kweli. Amekufa."

Nikamwambia asante. Akaniuliza kama naruhusu anishike mkono, nikasema hapana, naye akakaa tu karibu mpaka nilipoweza kusimama.

Nilifika Ilula jioni. Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani, akina mama wa kanisani wanaimba. Nilishuka kwenye bodaboda na chupa yangu mkononi. Shangazi akanijia mbio, ananililia begani, nami nimesimama wima kama mti. Machozi hayakuja.

"Ulikuwa wapi, mwanangu, siku nzima?"

"Iringa. Nilimpelekea baba uji."

Waliokuwa karibu wakatazamana. Nyuma yangu mmoja akasema, "Hata kulia halii. Huyu ana moyo wa jiwe." Usemi huo naujua, baba alishanifundisha. Ndiyo maana uliniuma.

Baada ya maziko shangazi alinikuta nyuma ya nyumba, akakaa chini kando yangu.

"Mimi nilikwambia, mwanangu."

"Hukuniambia amekufa."

Aliangalia mikono yake. "Lilinishinda lile neno. Nilikuwa nimetoka kumfumba macho. Ningelitamka, ningeanguka."

Miaka yote nilidhani watu wanafunika maneno ili kunichanganya mimi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa anajifunika mwenyewe, kama anayeshika sufuria ya moto kwa kitambaa. Hapo ndipo nililia, na shangazi akaniacha nilie.

Mwaka uliofuata daktari mmoja Mbeya aliniambia kwamba nina usonji, na kwamba nimezaliwa nao. Nilimpigia shangazi. Akauliza, "Utapona?" Nikamjibu kwamba si ugonjwa, ni namna nilivyo. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi sisi ndio tujifunze kukuambia." Na amejifunza. Jirani alipofariki alinipigia: "Amekufa, mwanangu. Amekufa, tunazika kesho." Nilisikia jinsi ilivyomgharimu.

Hofu haijaisha lakini. Sasa hakuna wa kumpigia jioni. Juzi bosi mpya aliiangalia meza yangu akasema, "Hongera, hii ndiyo kazi." Sikujua kama amefurahi au amechukia. Nilikuwa na la kuchagua: nicheke, niombe radhi, au ninyamaze niumie mpaka asubuhi.

"Samahani, bosi," nikasema. "Unanisifu au unanisema? Mimi huwa sijui mpaka niambiwe."

Akainua macho kunitazama. Wenzangu wakaacha kuhesabu mbegu. Nilisimama pale nikisubiri jibu.

"Nakusifu," alisema mwishowe. "Kwa kweli nakusifu."

Nikarudi kwenye kiti changu, lakini mpaka saa ya chai nilikuwa nimehesabu mbegu zile zile mara tatu.