Picha Iliyotutangulia

Jumanne nilikuwa nimekaa benchi kwenye kibanda cha huduma za mtandaoni, mtaa wa Muhima, nikisubiri kuomba cheti. Mama mwenye kibanda alibonyeza kufungua ukurasa wa maombi, kisha akaokota sindano na kuendelea kufuma kitambaa. Kioo cha kompyuta hakukitazama tena.

"Iko inafunguka," alisema. "Mutulie."

Asubuhi hiyo alikuwepo mtaalamu wa kampuni iliyotengeneza ukurasa huo, aliyetumwa kuchunguza malalamiko kwamba unachelewa kufunguka. Alitoa kompyuta yake, akabonyeza, akafyatua vidole. "Sekunde mbili. Ukurasa hauna shida."

Mama alimsogezea kompyuta ya kibanda. "Fungua na hii. Tutangoja wote."

Mtaalamu alibonyeza, akangoja. Kioo kilibaki cheupe, kisha picha kubwa ikaanza kushuka, nywele kwanza: familia inatabasamu, imeshika vyeti. Fomu yenyewe haikuonekana.

"Kwangu picha huwa imeshahifadhiwa ndani ya kompyuta," mtaalamu alisema polepole.

"Hapa nafuta kila kitu mteja akiondoka," mama alijibu. "Wa pili asikute siri za wa kwanza."

Mtaalamu aliandika kwenye daftari kwamba fomu ije kwanza, picha baadaye. Vidole havikufyatuka tena.

Fundi cherehani mzee wa mtaa wa Rwezamenyo, aliyekuwa kando yangu, aliinama kuitazama ile familia. "Hawa wanacheka nini?"

"Wao wameshapata, muzee," mama alisema, macho kwenye sindano.

Sisi wa benchi tukaendelea kuwangoja wamalize kutabasamu.