Gaspari na Rupia za Daraja la Kwanza

Shemeji yangu Gaspari alikuwa mkaguzi wa ngozi pale sokoni Singida, na kwenye ngozi alikuwa mkali mpaka watu walipomwona anakuja walianza kukohoa. Nasema ninachokijua, mimi Dorika, mdogo wake Magdalena mkewe, niliyekaa uani kwao Utemini miaka minane nikimpakulia ugali. Ukimletea ngozi yenye mkato wa kisu mdogo kama ukucha, anaipindua, anainusa, anaiinua juani, halafu anasema, "La tatu." Basi. Ulie, ucheke, umtaje marehemu baba yake, ni daraja la tatu. Wenye ng'ombe hawakumpenda, lakini wanunuzi walimwamini kuliko mizani.

Ndiyo maana yule mzungu wa visima akamchagua yeye. Watu walimwita Bwana Kioo kwa sababu hakutembea bila kioo chake cha kukuzia. Akiokota hata kokoto lazima aliangalie. Mwaka huo, 1952, alikuwa anachimba visima huku na huku mpaka Shelui, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, rupia za Mjerumani. Zile fedha Mwingereza alipoingia alizifuta, zikabaki ndani ya vibuyu na shingoni mwa watoto. Bwana Kioo alizikusanya, akazituma kwao kwa rafiki yake mwenye duka, na huko, jamani, kuna watu wazima wenye akili zao wanaonunua hela isiyonunua kitu ili waiweke kwenye droo na kuitazama. Niliposikia nilicheka mpaka nikamwaga uji.

"Usicheke, shemeji," Gaspari akaniambia. "Ni kama ngozi tu. Isiyochakaa ni daraja la kwanza, shilingi kumi na mbili. Iliyochakaa kidogo ni la pili, shilingi nne. Iliyokwisha ni la tatu, shilingi moja. Naangalia, nalipa kwa fedha aliyoniachia, naitia kwenye bahasha, naandika daraja juu. Yeye hafungui hata moja, anatuma kama zilivyo. Mimi napata shilingi yangu kwa kila rupia, iwe ya kwanza au ya tatu."

Shilingi zile zote ziliingia kwenye kopo la Redempta, binti yake mkubwa. Redempta alikuwa amemaliza shule kwa masista, naye alitaka jambo moja tu duniani, kuwa muuguzi. Shule ya wauguzi ya misheni ilikuwa imekwisha kumkubali aanze Januari. Ila walitaka aende na sanduku, blanketi, viatu vyeusi, sare mbili na nauli yake, jumla shilingi themanini, na asipofika siku yenyewe nafasi anapewa mwingine. Gaspari alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alinunua baiskeli ya mkopo ili awahi kuzunguka vijijini kutafuta rupia, na baiskeli ile aliipangusa kila jioni kwa kitambaa ambacho sisi hatukuruhusiwa kukigusa.

Sasa ngoja nikuambie mambo yalivyoharibika.

Mtu wa kwanza kuleta rupia alikuwa mzee Simeoni, aliyewahi kubeba mizigo ya Mjerumani mpaka Tabora na kurudi. Gaspari akampigia shikamoo, akamletea kigoda, mzee akakaa na kuanza kueleza safari yake yote, mto kwa mto. Saa nzima. Kisha akaitoa rupia. Loo! Kaisari wa Mjerumani aliyechorwa hapo hakuwa na pua wala sharubu, ndege wa kwenye kofia yake alikuwa uvimbe tu, na juu kabisa palikuwa na tundu la uzi. Nilikuwa nimesimama palepale na ungo wangu. Nikamtazama shemeji nikingoja lile neno lake la siku zote.

Gaspari akaigeuza. Akamtazama mzee. "Daraja la kwanza, baba," akasema.

Mzee alipoondoka na shilingi zake kumi na mbili nikamrukia. "Shemeji, wewe ni mwongo! Ile ina tundu!"

"Ungependa nimwambie mzee wa watu kwamba kitu chake ni cha tatu? Mbele ya kigoda nilichomkalisha mwenyewe?"

"Mbona kwenye ngozi unawaambia?"

"Ngozi ni ya ng'ombe, Dorika. Ngozi nikiishusha nimemshusha ng'ombe. Hii ameivaa shingoni miaka arobaini."

Na hapo alikuwa anasema kwa moyo wake wote, hakuwa anatafuta hila. Tangu siku ile akawa hapimi rupia, anampima aliyeileta. Mzee au bibi, la kwanza. Mtu wa makamo, la pili. Kijana, la tatu, hata kama rupia yenyewe inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Kijana mmoja wa Nduguti, Leonidas, alileta rupia safi kabisa, Kaisari anahesabika nywele za sharubu. Gaspari akamtajia shilingi moja. Leonidas hakubishana. Aliichukua rupia yake, akaondoka, na baada ya siku tatu akarudi amempakia babu yake nyuma ya baiskeli, babu ameishika mkononi. La kwanza!

Unafikiri watu wajinga? Habari zilifika Shelui kabla ya Leonidas kufika kwao. Mwezi haukuisha, uani kwetu pakajaa wazee wa kuazimwa. Vikongwe ambao hawakuwa wametoka nyumbani tangu vita waliletwa kwa machela na kwa punda, wakapigiwa shikamoo, wakanywa uji wangu, wakapokea shilingi kumi na mbili na kuwakabidhi wajukuu waliokuwa wamejificha nyuma ya uzio. Na walioamka kweli waliona jambo lingine. Ikiwa nzuri na mbovu bei ni ileile, ya nini kuuza nzuri? Wakaziacha nzuri nyumbani, wengine wakazipeleka kwa mhunzi ziwe bangili za maharusi. Kwetu zikaja zilizokunjwa, zilizoungua, zilizotafunwa na nani sijui. Gaspari akaandika juu ya kila bahasha, kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, Daraja la Kwanza.

Nilimwambia. Mungu ni shahidi wangu nilimwambia. Akanijibu kwamba mimi nina mdomo.

Mwezi wa kumi na moja Bwana Kioo akaja na gari lake, hata injini hakuzima. Alikuwa na sanduku la bahasha zetu lililorudi kutoka kwao pamoja na barua. Akaisoma kwa Kiswahili chake cha polepole, na masikio yake yalikuwa mekundu. Rafiki yake wa dukani alikuwa ameziuza bahasha za kwanza bila kuzifungua, akimwamini mwenzake, na wateja wakamrudishia wote, mmoja baada ya mwingine. Wengine wakasema hawanunui tena rupia yoyote ya Mjerumani mpaka hasira ziishe. Bei ikaanguka kwa kila mtu, hata kwa wauzaji wasiojua Singida iko wapi. Na dukani kwake sasa, kitu kibovu chenye maandishi mazuri wanakiita "cha Singida".

"Kuanzia leo," Bwana Kioo akasema, "kila moja ni senti hamsini. Sitaki kusoma ulichoandika. Na kila moja nitaifungua mwenyewe. Nilikuchukua kwa sababu ya ngozi zako, Gaspari."

Gaspari alisimama na kofia mkononi. Kwa senti hamsini nani alete rupia? Wazee wa kuazimwa wakarudishwa makwao, shilingi za kopo zikakoma, na mwenye baiskeli akamalizia deni lake humo humo kwenye kopo. Krismasi ilipofika tulihesabu, zilibaki shilingi ishirini. Redempta aliambiwa. Akasema, "Sawa, baba," kisha akaenda kuchota maji ambayo yalikuwa tayari yamechotwa. Nilimfuata, nikamkuta kisimani amekaa juu ya ndoo tupu, na hapo mimi na mdomo wangu wote nilikaa chini kando yake.

Aliyetuokoa, au tulidhani ametuokoa, ni bibi Theodora, mama yake Gaspari. Alikuwa amekaa kimya miezi yote ile akiwatazama wenzake wanavyopokea shilingi kumi na mbili. Siku ya pili baada ya Krismasi akatuita ndani, akafungua kibuyu cha samli, akatoa donge la nta ya nyuki, akalipasua. Ndani mlikuwa na rupia kubwa kuliko zote nilizopata kuziona, sarafu moja yenye thamani ya rupia mbili. Baba yake alilipwa hiyo kwa jino la tembo, akampa siku ya kuolewa kwake, naye aliitia ntani siku hiyo hiyo. Tangu hapo haikuwa imeshikwa na mkono wa mtu. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, kama wingu la masika, na kila unyoya wa yule ndege wa kofia ulikuwa mahali pake.

Gaspari akakaa chini. Bwana Kioo alikuwa amemwambia tangu mwanzo kuhusu sarafu hiyo ya rupia mbili. Ikipatikana isiyochakaa, shilingi mia moja, papo hapo.

"Ni daraja gani, mwanangu?" bibi akauliza.

"La kwanza, mama," akasema, na safari hii ilikuwa kweli. Redempta alipiga magoti akamshika bibi yake miguu. Nililia, sioni haya kusema. Tulikubaliana Jumatatu asubuhi Gaspari aende nayo kambini kwa Bwana Kioo, na bibi akasema atalala nayo siku mbili zilizobaki waagane.

Jumatatu asubuhi bibi Theodora akatoka chumbani amejifunga kanga safi, uso umemchangamka, akafunua kiganja. Mama yangu! Rupia ilikuwa inawaka jua zima. Alikuwa ameisugua tangu alfajiri kwa majivu na mchanga laini, vile tunavyosugua sufuria za harusi. "Kitu hakiendi kwa mkubwa na uchafu wake," akasema. "Nimekutengenezea."

Bwana Kioo alikuwa amekataza jambo moja kuliko yote, rupia isioshwe wala kusuguliwa. Mimi nilijua, Gaspari alijua. Katika wale wazee wote waliopita uani kwetu hakuna hata mmoja aliyeambiwa, maana mtu utamwambiaje mzee kwamba usafi wake ni kosa? Nilifungua mdomo wangu. Gaspari akanitazama mara moja tu, nikaufunga.

"Imependeza, mama," akasema. Akaipokea kwa mikono miwili, akapanda baiskeli, akaenda.

Yaliyotokea kambini alimsimulia Magdalena peke yake, na Magdalena akanisimulia mimi. Bwana Kioo aliiweka chini ya kioo akaichunguza pande zote mbili. Kisha akasema, nusura naye alie, kwamba wiki iliyopita hii ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuziona, na sasa ni bamba la fedha lenye mikwaruzo. Hata hivyo, ingekuwa imetoka kwingine, kwa vile ni adimu, angelipa thelathini. "Lakini nikiandika imetoka Singida hawataifungua bahasha. Ungeniletea mwezi wa sita, Gaspari, ningelipa mia bila kuangalia." Akamtolea shilingi tano, thamani ya fedha yake ikiyeyushwa. Gaspari akakataa, akairudisha rupia mfukoni.

Alifika nyumbani jioni kwa miguu. Viatu vimejaa vumbi, mkononi ana shilingi themanini. Akapiga magoti mbele ya mama yake na kumpa.

"Kwa hiyo ilikuwa la kwanza?" bibi akauliza.

"La kwanza kabisa, mama. Shilingi ishirini zilizobaki ziko njiani."

Hakuna aliyeuliza baiskeli iko wapi. Redempta alipanda lori Alhamisi na sanduku lake jekundu, bibi Theodora akisimama barabarani kumwambia kila mpita njia kwamba mjukuu wake anasomeshwa na rupia ya daraja la kwanza. Gaspari alianza kwenda sokoni kwa miguu. Siku hizo nilikuwa na hasira naye sana. Nilisema moyoni, mwongo huyu, uongo umemla baiskeli na bado hajashiba.

Kwenye Kwaresima bibi Theodora alikuwa anashona koti la kazi la Gaspari lililochanika. Akaniita nje. Mkononi alikuwa na bahasha aliyoitoa ndani ya bitana, na ndani ya bahasha ilikuwemo rupia yake, ile ile, inawaka. Hakuwahi kusoma maishani mwake. Akaninyooshea.

"Nisomee, Dorika. Mwanangu ameandika nini hapa?"

Niliangalia. Ulikuwa ule mwandiko wa misheni, mzuri, umenyooka. *Daraja la tatu. Imesuguliwa.* Kati ya bahasha zote alizoandika kwa wazee, hiyo ndiyo pekee aliyoandika kweli, naye aliificha.

Bibi alikuwa ananitazama, shingo ameinyoosha, sindano bado iko mdomoni mwake. Tangu siku ya mzee Simeoni nilikuwa nikimwita shemeji yangu mwongo mbele ya watu na nyuma yao.

"Imeandikwa daraja la kwanza, mama," nikasema. "Haiuzwi."

Akaitoa sindano mdomoni, akacheka kwa furaha kama msichana. "Nilijua hawezi kuiuza," akasema. Kisha akatazama pale ukutani ilipokuwa inaegemezwa baiskeli, akatazama kwa muda, akaifunga rupia kwenye pindo la kanga yake na kuendelea kushona.